Mama Benchi, Aliyezaliwa Kwenye Foleni

Huyu aliyelala mbele yetu leo alizaliwa kwenye foleni. Si maneno ya kupamba karatasi, ndivyo ilivyokuwa. Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 1947, mama yake mzazi, akiwa na mimba ya miezi minane, alikwenda ofisi ya wilaya kufuatilia barua ya uhamisho wa mumewe, ambaye alikuwa tarishi wa posta. Alifika saa moja na nusu asubuhi. Ilipofika saa tano alikuwa bado amesimama koridoni na watu tisa mbele yake. Korido nzima ilikuwa na kiti kimoja tu, nacho kilikaliwa na koti la karani mkuu. Uchungu ulipomshika ghafla, mwanamke aliyekuwa nyuma yake, ambaye alikuja kulalamikia mpaka wa shamba, alimshika mkono akamwingiza stoo ya mafaili. Humo, juu ya mafaili ya miaka ya nyuma yaliyofungwa kwa kamba, marehemu akapokelewa duniani. Inasemekana karani alitoa kichwa mlangoni akauliza anayelia ni nani, na kama amechukua namba. Yule mwanamke wa mpaka wa shamba aliporudi koridoni alikuta nafasi yake imeliwa, akaanza upya mkiani.

Meza ya msajili wa vizazi ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka stoo ile. Hata hivyo cheti chake kilichukua wiki sita kutoka. Kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa msajili aliandika neno moja: "Ofisini". Marehemu alikipenda cheti hicho kuliko picha zake zote, na kila aliyemtembelea alionyeshwa, atake asitake.

Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mdogo wake wa mwisho, yule kitinda mimba, ndiye aliyepewa kazi ya kuuandika na kuusoma wasifu huu, na anawaomba radhi mapema mkimwona anacheka. Dada yake hakuwahi kuvumilia msiba wa watu walionuna.

Alianza shule ya msingi Januari 1954. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alikuwa na jambo lake: aliandika kila kitu alichosema mwalimu, kwa mpangilio ule ule, bila kuchagua. Siku moja mwalimu wa jiografia alikusanya madaftari kuyasahihisha. Katika la marehemu akakuta mito na milima, na katikati yake maneno haya: "Mwalimu amekohoa mara mbili. Amesema kitinda mimba wake hakulala jana. Ametazama saa." Mwalimu alimwita mbele. Wenzake wakajua leo kuna fimbo. Badala yake mwalimu alimuuliza aliyaandikaje yote yale kwa kasi hiyo, akamwambia baba yake, siku alipopeleka barua shuleni, kwamba mtoto huyu ana masikio ya kazi. Baada ya shule ya sekondari ya wasichana, aliyoimaliza mwaka 1965, baba alitaka asomee uuguzi. Mama akasema aachwe achague. Akachagua chuo cha uhazili, ambako kwa miaka miwili alijifunza kupiga taipu na kuandika hati mkato. Alipohitimu Novemba 1967 alikuwa anaandika maneno mia na arobaini kwa dakika. Nyumbani watu walikoma kugombana mbele yake.

Januari 1968 aliajiriwa na Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, kwanza miezi michache kama mpiga taipu, kisha kama mwandishi wa kumbukumbu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika na kuandika kila neno lililosemwa na waheshimiwa. Waandishi walipokezana kila baada ya dakika kumi. Mmoja akiandika, mwenzake yuko chumba cha nyuma akigonga taipu ili kumbukumbu zitoke kesho yake asubuhi. Marehemu aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na moja. Aliwajua waheshimiwa kwa sauti, kwa pumzi, na kwa maneno waliyoyakimbilia wakikosa la kusema. Kuna mmoja alikuja chumba cha nyuma akiwa amefura, kumbukumbu mkononi, akasema amevunjiwa heshima. Marehemu akamuuliza kwa adabu ni neno gani ambalo hakulisema. Mheshimiwa akasoma ukurasa tena, taratibu, akakuna kidevu. "Nimeyasema yote," akakiri. "Ndiyo shida yenyewe."

Kati ya wote, aliyemtoa jasho zaidi alikuwa mjumbe mmoja mrefu, mkavu, aliyezijua kanuni za Baraza kwa moyo, na kwa hiyo wenzake wakamwita Mzee Kanuni tangu angali kijana. Huyu alikuwa akisimama anaongea dakika arobaini na tano bila kunywa maji. Waandishi wengine walimkwepa kwa kujifanya wanakwenda msalani. Marehemu yeye alimpenda, kwa sababu sentensi zake zilikuwa na mwanzo na mwisho.

Ndani ya jengo hilohilo alimpata mume. Siku moja ya mwaka 1969, Baraza likiwa likizo, alikuwa mezani kwake akipanga makaratasi ukumbini, akasikia sauti ya mwanamume kutoka chini ya viti ikisema kwamba mwenye kiti hiki huegemea kushoto na mwenye kile hulala. Alikuwa seremala aliyeletwa kurekebisha viti vya waheshimiwa. Alitambaa kutoka kiti hadi kiti akitoa habari za kila mmoja kwa jinsi miguu ya kiti ilivyolika, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Marehemu, kwa mazoea, aliyaandika. Alipotoka huko chini na vumbi kichwani alisomewa maneno yake mwenyewe neno kwa neno, pamoja na pale alipojigonga kichwa. Seremala alisema baadaye kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza kiasi hicho, wala mama yake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970. Yeye alimwita mumewe Fundi, naye Fundi alimwita mkewe Mwandishi, miaka arobaini na minane na ushee, isipokuwa siku wakikwaruzana. Siku hizo alimwita Mheshimiwa. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa jinsi alivyotoka mezani akaenda kukaa upande wa pili, yaani kwenye viti vyenyewe. Baba alifariki mwaka 1985. Mwezi Agosti 1989 mama, wakati huo akiwa na miaka sitini na minne, alikwenda ofisi ya wilaya kufuatilia mafao ya mumewe, na alisimama koridoni tangu saa mbili hadi saa nane mchana. Miguu ikamwishia, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Marehemu alimkuta nyumbani mkono umefungwa, akamuuliza ilikuwaje. Mama hakulalamika. Alieleza kama mtu anayetoa habari za mji aliotembelea zamani.

"Mwanangu, ni korido ile ile. Hata rangi ya ukuta ni ile ile. Na koti lipo kwenye kiti."

Halikuwa koti lile, bila shaka, wala karani yule. Lakini kesho yake marehemu alipokuwa mezani chini ya Spika, mheshimiwa mmoja akawa anazungumza kwa ufasaha juu ya kumjali mwananchi wa kawaida. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja, penseli yake ikasimama. Ukifungua kumbukumbu za siku hiyo utaona pengo la mistari mitatu. Ni pengo pekee kazini mwake. Alisema hakuwa na hasira; alisikia tu kwamba maneno yale hayana uzito wa kuandikwa. Mwisho wa mwezi akatoa barua ya kuacha kazi. Fundi aliisoma, akaikunja, akauliza atakula nini mtu mwenye masikio tu. Marehemu akamjibu kwamba atagombea. Fundi akatoka kwenda karakana. Jioni akarudi na benchi la miguu minne lenye egemeo, ambalo hakuambiwa alitengeneze.

Kampeni ya mwaka 1990 ilifanyika kwa benchi hilo na pikapu kuukuu iliyoendeshwa na mdogo wake huyu anayesoma. Wagombea wengine walikuwa na majukwaa na vipaza sauti. Marehemu alishusha benchi mbele ya ofisi ya maji, au posta, au zahanati, mahali popote penye foleni, akakaa upande mmoja na kumkaribisha aliyechoka akae upande wa pili. Hakuhutubia. Aliuliza mtu amesimama tangu saa ngapi, akaandika. Watu walidhani ni mkaguzi kutoka serikalini, na kuna karani mmoja aliyeanza kufanya kazi haraka kwa hofu. Alishinda. Hakushinda kwa kishindo, lakini alishinda, na Desemba 1990 akaapishwa katika ukumbi ambao kila ufa wake aliujua. Waandishi wenzake wa zamani walimpigia makofi chini ya meza ili wasionekane.

Muswada wake ulikuwa na kurasa mbili. Ulisema kwamba kila ofisi ya umma inayowahudumia watu iwe na mahali pa kukaa penye kivuli, pa kuwatosha wanaosubiri, na kwamba mzee, mgonjwa au mja mzito asisimamishwe hata dakika moja. Basi. Aliuwasilisha mwaka 1991 ukafia kamatini. Akauleta tena 1994, na safari hii ukafika ukumbini, ambako Mzee Kanuni alisimama kidete kuupinga. Alisema watu hukaa wakisahau walichokuja kufanya. Alisema taifa linalokaa ni taifa linalosinzia. Ukumbi ukacheka, muswada ukaangushwa, na tangu siku ile waheshimiwa wakambandika jina la Mama Benchi. Walidhani wanamchokoza. Yeye akalipenda, akaliandika kwenye bango lake la uchaguzi uliofuata.

Uchaguzi huo, wa mwaka 1995, alishindwa kwa kura arobaini na moja. Mpinzani wake alizunguka akiuliza swali moja: mnataka barabara au benchi? Jibu lilikuwa jepesi. Na hapa msomaji huyu anaungama mbele ya jamaa na majirani jambo ambalo dada yake alimfichia siri kwa miaka ishirini na minne. Siku ile alikuwa akiwabeba wapiga kura kwa pikapu tangu alfajiri. Alipofika kituoni kupiga yake mwenyewe, mlango ulishafungwa. Matokeo yalipotoka alimwendea dada yake kumwambia akitarajia kutukanwa. Marehemu alikuwa jikoni amejifunika uso kwa kanga, na alikuwa amelia, maana alikuwa binadamu. Alimsikiliza hadi mwisho, akajifuta.

"Basi wewe nakudai moja," akasema. "Nina wengine arobaini wa kuwanunia kwanza."

Kesho yake asubuhi alichukua taipu yake akapanga chumba kwenye safu ya maduka karibu na posta, baina ya fundi viatu na muuza madaftari, akaanza kuwaandikia watu barua. Waliokuja walitaka maombi ya kazi, rufaa, malalamiko, barua za kuomba msamaha kwa wakwe. Alimsomea kila mtu barua yake kabla hajaitia sahihi, na kama mtu alisema jambo la kipuuzi alimuuliza kama kweli anataka liende. Wengi waliomba lifutwe. Wanandoa wawili waliokuja kila mmoja kwa wakati wake kuandika barua ya kuachana, alizipanga barua zile makusudi wakutane wakizichukua saa ile ile. Wako hapa leo, safu ya nne, na wamekubali jambo hili lisemwe. Marehemu aliiita miaka ile mitano likizo yake ya kulipwa, kwa kuwa alifundishwa na watu wenyewe namna ofisi zote za wilaya zinavyofanya kazi na zisivyofanya.

Mwaka 2000 akarudi kuomba kura, na wakampa kwa wingi mpaka yeye mwenyewe akasema wasimamizi wahesabu upya. Safari hii Mzee Kanuni alikuwa na miaka zaidi ya sabini na bado sauti yake ndiyo iliyoamua mambo. Wajumbe kadhaa walimfuata popote alipokwenda, kama vifaranga. Bila yeye muswada haupiti. Na marehemu alikuwa na silaha. Alikumbuka kwamba mwaka 1974 Mzee Kanuni mwenyewe, akiwa bado upande wa upinzani, alisimama akasema ni aibu kwa serikali kuwasimamisha wazee kama miti. Aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake. Alikwenda maktaba ya Baraza, akautafuta ukurasa, akaupata, akatoa nakala. Wenzake walipouona walifurahi kama watu waliookota ufunguo. Wakamwambia ausome mbele ya ukumbi mzima, ajulikane ni kigeugeu. Marehemu aliutia ukurasa kwenye bahasha, akaifunga.

"Nikimwaibisha atanyamaza," aliwaambia. "Mimi sitaki anyamaze. Nataka aseme."

Akamwendea Mzee Kanuni nyumbani kwake, akamwomba jambo dogo: mama yake anapaswa kwenda ofisi ya mafao kuhakikiwa kwamba bado yu hai, na angefurahi kusindikizwa na mtu mwenye kujua kanuni. Mzee Kanuni hakuwa mtu wa kukataa ombi la mama wa mtu. Jumatatu, tarehe 17 Juni 2002, saa mbili asubuhi, wakasimama watatu koridoni. Mama, akiwa na miaka sabini na saba, alikuwa na kigoda chake cha kukunja alichokuja nacho toka nyumbani. Hakwenda ofisi yoyote bila kigoda hicho tangu alipovunjika mkono. Karani alimtambua Mzee Kanuni, akamwashiria apite mbele. Mzee akakataa. Foleni ni foleni, alisema, na kanuni ni kanuni. Saa ya kwanza aliwaeleza watu historia ya mafao. Saa ya pili akaanza kuegemea ukuta. Katika saa ya tatu aliacha kuongea, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulishuhudia katika miaka yote ya kumwandika, na magoti yake yakaanza kutetemeka ndani ya suruali. Mama akamtazama. Akainuka polepole, akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia.

"Kaa, mdogo wangu. Mimi nimeshazoea."

Mzee Kanuni alitaka kukataa, magoti yakamkatalia yeye. Akakaa. Mama akasimama mbele yake dakika arobaini zilizobaki, amejishika ukutani kwa ule mkono uliowahi kuvunjika. Walipotoka, mama amehakikiwa kuwa yu hai, Mzee aliaga mlangoni kwake kwa kuinamisha kichwa tu.

Muswada ulipangiwa siku ya Jumatano, tarehe 19. Asubuhi ile mnadhimu wa chama chake marehemu alimwita pembeni akamwambia aurudishe mfukoni, kwani unamkera waziri mwenye majengo, na akiendelea asitarajie kuteuliwa tena mwaka 2005. Marehemu alimuuliza kama hayo ni maoni yake au ni agizo. Akaambiwa ni agizo. Alimshukuru kwa kusema wazi, akaingia ukumbini akauwasilisha. Alizungumza dakika nne. Baada yake wakasimama wengine, wa kuunga na wa kupinga, na hesabu za vidole zilionyesha kwamba ungeanguka kwa kura chache. Ndipo Mzee Kanuni akainuka. Watu wakajiweka sawa kwa zile dakika arobaini na tano.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "juzi nilikalishwa na mtu ambaye mimi nilimnyima kiti. Naunga mkono." Akakaa.

Spika akaagiza kwamba wanaoafiki wasimame wahesabiwe. Wakasimama, na vifaranga wa Mzee wakasimama pia. Katibu akahesabu thelathini na sita. Wasioafiki waliposimama, wakawa thelathini na sita vilevile. Kwa kanuni za Baraza, kura zikilingana muswada umeanguka. Spika alikuwa ameshashika rungu. Na marehemu yuko wapi? Yuko kitini, ameinama, anaandika. Aliposikia maneno ya Mzee Kanuni, mazoea ya miaka ishirini na moja yalimshika, akageuza karatasi ya ratiba na kuanza kuyaweka kwa hati mkato yasipotee hata herufi, na hakusikia mtu akiambiwa asimame. Sheria ya kuwakalisha watu ilikuwa inakaribia kuanguka kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa. Jirani yake alikuwa wa upande wa kupinga, hivyo hakumgutusha. Mwandishi wa kumbukumbu pale mezani, binti aliyefundishwa kazi na marehemu, aliona kila kitu lakini mwandishi haruhusiwi kufungua mdomo. Alikohoa mpaka macho yakamtoka.

Mzee Kanuni akainuka mara ya pili.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Mwenye muswada hajahesabiwa. Yupo, anaandika."

Marehemu aliinua kichwa. Aliona nyuso zote zimemwelekea, akauliza, na swali hilo limo kwenye kumbukumbu rasmi, "Tumefika wapi?" Kisha akasimama. Thelathini na saba kwa thelathini na sita. Kicheko kilichofuata kiliandikwa na yule binti kwa neno moja ndani ya mabano, "Kicheko", lakini aliungama baadaye kwamba alishindwa kuandika dakika nzima.

Wiki ile alimpelekea Mzee Kanuni ile bahasha. Mzee akausoma ukurasa wa 1974 mara mbili, akavua miwani. Akamuuliza kama alikuwa nao siku zote. Marehemu akamjibu kwamba alikuwa nao tangu siku ulipotoka kinywani mwake. Walibaki marafiki hadi Mzee alipofariki mwaka 2011, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi walikutana kubishana.

Mnadhimu alitimiza ahadi yake. Mwaka 2005 marehemu hakuteuliwa. Alirudi kwenye chumba chake baina ya fundi viatu na muuza madaftari bila kinyongo, akaandikia watu barua hadi mwaka 2016. Mtu alipomwambia kwamba miaka kumi barazani kwa sheria moja ni kidogo, alisema wapo wenye sheria nyingi, ila hazikaliki. Jambo moja tu la sheria ile liliwahi kuleta ugomvi nyumbani. Marehemu alimkataza Fundi na kijana wao kuomba zabuni ya kutengeneza hata benchi moja la ofisi, watu wasije wakasema. Fundi alinuna mwezi mzima. Akawa anawaambia wateja karakanani kwamba jimbo zima lina mafundi mia tatu wa mabenchi, na mmoja aliyepigwa marufuku, na huyo hulala na aliyempiga marufuku.

Mwaka 2016 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hospitali ya mkoa, akilazwa na kuruhusiwa kwa vipindi, na kote alikolazwa aliacha marafiki na makosa ya tahajia yaliyosahihishwa kwenye matangazo ya ukutani. Aliwafundisha wajukuu hati mkato, wakawa wanaandikiana siri mbele ya wazazi wao, na wazazi hadi leo hawajui kilichoandikwa. Familia inawashukuru madaktari, na zaidi wauguzi wa wodi ya wanawake, waliojifanya hawaoni penseli chini ya mto. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani, na akarudishwa.

Macho yalipochoka, Fundi alimsomea gazeti kila alasiri sebuleni. Fundi si msomaji mzuri, na akijua hivyo aliongeza makosa ya makusudi, sababu alipenda kusikia akisahihishwa. Siku ya Jumapili, tarehe 8 Septemba 2019, saa kumi na dakika ishirini, alisoma habari ya hali ya hewa akaiharibu vibaya kuliko siku zote. Akangoja. Hakusahihishwa. Akairudia sentensi ile ile, safari hii kwa usahihi, mpaka nukta, ndipo akaliweka gazeti chini, akamfumba macho. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi sita na siku mbili.

Ameacha mume mmoja, na aliagiza neno "mmoja" lisiachwe. Ameacha watoto watatu: binti mkubwa ambaye ni mwalimu, wa kati ambaye ni seremala kama baba yake, na binti wa mwisho ambaye ni muuguzi, kwa hiyo babu tarishi hakukosa kabisa alichotaka. Ameacha wadogo zake watatu, mashemeji na mawifi, wakwe watatu, wajukuu saba, na kitukuu mmoja wa kike aliyezaliwa wiki tatu zilizopita. Huyo kitukuu aliletwa kwake akiwa na siku nne, akawekwa kifuani pake, akalia kwa nguvu zote za mapafu yake. Mama yake mtoto aliona haya, akataka kumchukua. Marehemu alimzuia kwa mkono, akasikiliza kilio chote mpaka kikaisha chenyewe, kisha akasema kwa wale waliokuwa chumbani: "Mwacheni. Huyu ndiyo kwanza anaanza hoja yake."

Yupo hapa, mgongoni kwa mama yake. Akilia wakati tukimshusha bibi yake mkuu, mtu asimnyamazishe.

Mungu ampokee mja wake kwa furaha, kama alivyoishi. Lala, dada, umesikika.